Karatasi ya Mshiriki wa Thelathini na Moja

Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe katika pendekezo langu la utafiti: "Jibu la swali la tisa litasomwa kabla mshiriki hajainuka kitini." Msimamizi wangu aliisifu. Kamati ya maadili iliipigia mstari kwa wino wa kijani na kuandika pembeni, "Vizuri." Kwa miezi kadhaa niliitunza kama mtu anavyotunza cheti cha tabia njema, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeisoma nikiwa ndiye niliyeivunja.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nikiingiza majibu ya wiki kwenye kompyuta, katika chumba nilichopewa nyuma ya kliniki ya mkojo ya hospitali moja ya Machakos. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka. Kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta ulio karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Utafiti wangu wa uzamili katika saikolojia ya tiba uliuliza jambo ambalo kila nilipolitaja wengine walitabasamu na wengine wakatazama viatu vyao: vijana wanaoishi na mpira wa mkojo, mioyoni mwao mna nini? Wengi wao walianguka na pikipiki, nyonga zikavunjika, njia ya mkojo ikakatika au ikaziba kwa kovu. Hutobolewa tundu chini ya kitovu, mpira ukapitishwa hapo, na mkojo ukateremka katika mfuko uliofungwa pajani. Kisha husubiri upasuaji wa kuitengeneza njia. Mwezi baada ya mwezi hurudi kubadilishiwa mpira, na mwezi baada ya mwezi huambiwa foleni haijawafikia.

Hojaji yangu iliwauliza wanalala vipi, wanakula vipi, wanajionaje. Swali la tisa liliwauliza kama, kwa wiki mbili zilizopita, wamewaza kwamba ingekuwa afadhali wafe. Majibu yalikuwa manne, kuanzia "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku".

Mshiriki wa thelathini na moja alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha mwisho. Hakuwa ametia mara moja tu. Kalamu ilikuwa imepita palepale mpaka karatasi ikakwaruzika.

Tarehe iliyoandikwa juu ilikuwa ya Jumanne.

Nitaeleza ilivyokuwa Jumanne hiyo, kwa sababu katika ripoti nilieleza kwa ufupi, na ufupi ule ulinisitiri kuliko nilivyostahili. Kijana aliingia amevaa koti refu la kazi, la kaki, ingawa jua lilikuwa kali. Umri wake, kwa maandishi yake, miaka ishirini na mmoja. Alikaa, akasoma taratibu, akaanza kujaza. Alipofika karibu na mwisho niliona mstari wa maji ukitoka kwenye upindo wa suruali yake na kutambaa sakafuni kuelekea kwenye kiti changu. Mfuko ulikuwa umevuja. Aliuona. Akaona kwamba nami nimeuona.

Mama yangu, aliyetulea Masii, alitufundisha kwamba mtu akiumbuka mbele yako umpe kisogo, kwa kuwa hiyo ndiyo nguo pekee uliyo nayo ya kumsitiri. Nikampa kisogo. Niligeukia dirisha nikautazama ule ukuta kwa makini, kama niliyeajiriwa kuukagua. Nyuma yangu nilisikia karatasi ikikunjwa, bahasha ikifungwa, mlango ukifunguliwa polepole na kurudishwa. Nilipogeuka, sakafu ilikuwa imepanguswa. Bahasha ilikuwa mezani. Niliitia pamoja na nyingine bila kuifungua, na nakumbuka vizuri kwamba siku hiyo nilijihisi muungwana.

Jumatano na Alhamisi nilikuwa chuoni. Siku tatu zikapita hivyo.

Nilimpigia simu msimamizi wangu. Nilisikia kwa mbali matangazo ya uwanja wa ndege.

"Mtafute mara moja," alisema. "Itifaki inakuruhusu kuvunja usiri pale uhai unapokuwa hatarini. Chukua orodha ya majina, mpigie."

"Orodha iko ofisini kwako, Profesa. Kwenye kabati."

"Basi chukua ufunguo."

"Ufunguo unao wewe."

Mfumo ule niliubuni mimi: fomu za ridhaa zenye majina zilitiwa kwenye bahasha mbele ya mshiriki mwenyewe bila mimi kuzisoma, zikapelekwa Nairobi kila wiki, zikafungiwa na mtu asiyezijua nyuso zao. Kamati iliusifu nao.

"Narudi Jumatatu," alisema hatimaye. "Kwa sasa andika ripoti ya tukio."

Nilifungua fomu ya ripoti. Kisanduku cha kwanza kiliuliza: hali ya mshiriki kwa sasa. Nilikitazama nikaifunga.

Sikuwa na jina, namba ya simu wala kijiji. Nilikuwa na namba thelathini na moja, koti la kaki, na mistari ya kalamu. Nilianza kuwaza kwa mpangilio, kama nilivyozoea, na kila wazo lilinirudisha kwenye kiti kilekile. Nikimtafuta kupitia kliniki, nitakuwa nimeunganisha karatasi na uso wa mtu, jambo nililoapa kutolifanya. Nikisubiri Jumatatu, nitakuwa nimeitii itifaki ambayo tayari nimeivunja. Nilirudia hoja hizo mara tatu, nikazipanga upya, na nilipotazama saa nilikuwa nimepoteza dakika ishirini za mtu mwingine.

Muuguzi wa kliniki ya mkojo ni mama wa makamo ambaye amebadilisha mipira kwa miaka mingi kuliko ile ambayo mimi nimesoma. Nilimkuta akipanga glavu.

"Sista, nahitaji jina la mgonjwa."

"Jina?" Hakuinua macho. "Leo daktari wa karatasi anataka jina? Si ni wewe ulinikalisha hapa ukaniambia nikitaja jina la mtu mbele yako tutafungwa sisi wawili?"

"Ni kijana wa Jumanne. Mfuko wake ulivuja."

"Mifuko yote huvuja, mwanangu."

Nikamwonyesha karatasi. Sikuruhusiwa kumwonyesha. Alivaa miwani, akasoma kutoka juu hadi chini, akarudi kwenye kile kisanduku cha mwisho na kukigusa kwa kidole. Kisha akafungua rejista yake.

"Mwenye koti refu?"

"Ndiyo."

"Aiya. Huyo ni wa Wamunyu, kwa wachongaji. Ukimfungua bandeji unapata vumbi la mbao mpaka kwa kitovu. Kila mwezi namgombeza, kila mwezi anacheka kidogo tu, hivi, na pua." Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa rejista. "Jumanne hakucheka."

Alipiga namba iliyoandikwa kwenye rejista. Haikupatikana. Chini yake palikuwa na namba ya pili, ya mama yake aliyeko Kithimani, na nilipoinyooshea kidole alifunika ukurasa kwa kiganja.

"Mama alidanganywa mpira ulitolewa mwaka jana. Tukimpigia, tumemvua nguo mtoto wa watu. Nenda wewe. Mimi niko na watu kumi na wawili kwa benchi na mmoja ameziba tangu jana. Ukimpata, nipigie, kabla hujaanza kumwongelesha hicho Kiswahili chako cha chuo kikuu."

Aliniandikia jina. Nililisoma garini, kisha nikakifunika kile kikaratasi kwa mkono, kana kwamba kulisoma mara ya pili kungekuwa kosa jingine. Barabara ya Wamunyu inapita Masii, kwetu, na tulipopita kwenye njia ya kuingia nyumbani sikugeuza shingo. Nilikuwa nikipiga hesabu. Akiwa hai, nitamfikia kama mtu aliyevunja ahadi. Asipokuwa hai, hatajua, na ahadi itabaki nzima. Hesabu hiyo ilinitisha kwa jinsi ilivyokuwa sahihi.

Kibanda cha wachongaji ni kirefu, kimeezekwa mabati, na njia yake ni moja: unaingia mbele, barabarani, na unatokea hapohapo. Wanaume kama kumi hivi walikuwa wamekaa kwenye vigogo vifupi, kila mmoja amebana kipande cha mbao kati ya nyayo zake na kukichonga kwa tezo. Wanakaa hivyo mchana kutwa, magoti yamefunguka na mgongo umeinama. Fundi mkuu aliniona kabla sijaamkua.

"Karibu madam! Ingia ndani, hizo za nje ni za watalii. Unataka twiga ama kifaru? Kifaru wa leo ako na pembe mbili, wa kesho sijui."

Nikalitaja jina la kijana. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Tezo mbili tatu zilisimama.

"Wewe ni nani yake?"

Sikuwa nimeliandalia jibu swali hilo, mimi ambaye nilikuwa nimeandaa mengine yote. "Rafiki," nilisema.

"Rafiki!" Walicheka. "Kumbe! Ndio maana siku hizi hataki kukaa na sisi. Alihamia huko nyuma kwa msasa, anajificha kama bibi arusi. Sisi tulidhani ameokoka."

"Aokoke na hiyo koti?" mwingine akadakia, na wakacheka tena, ila fundi hakucheka mara ya pili. Alinitazama kuanzia mkoba hadi viatu.

Nilikwenda nyuma. Kijana alikuwa amesimama mbele ya meza, kipande cha msasa mkononi, akisugua shingo ya twiga. Alikuwa hai. Nilishika ukingo wa meza.

Aliponitambua, mkono wake ulisimama.

"Umefuata nini huku?"

"Nilisoma karatasi yako."

"Ulisema haina jina."

"Haina."

"Na umefikaje hapa?"

Aliweka twiga chini taratibu.

"Mimi niliandika ukweli juu ulisema haina jina," alisema kwa sauti ya chini. "Ningejua iko na jina, ningeweka hapana kabisa. Kama hao wengine wako wote."

Hao wengine wangu wote. Karatasi thelathini zilipita kichwani mwangu, moja moja, na "hapana kabisa" zake zilizonyooka. Niliona jinsi kazi yote ilivyoweza kuporomoka, nikaona pia kwamba huo haukuwa wakati wa kuifikiria, na bado niliifikiria.

"Nilipaswa kuisoma Jumanne, kabla hujatoka," nilisema. "Nimeisoma leo asubuhi. Ni kosa langu."

"Leo?"

"Leo."

Alikunja kipande cha msasa. "Mimi nilidhani ulisoma siku hiyo. Nilidhani ulisoma ukaona ni sawa tu."

Nimejaribu mara nyingi kuiandika sentensi hiyo kwenye ripoti. Haina kisanduku chake.

Nilimwuliza kama hata leo anawaza hivyo. Akasema kila siku maana yake ni kila siku. Nilimwuliza kama amefikiria namna na wakati. Akanijibu, na jibu lake si la kuandikwa hapa. Inatosha kusema kwamba nilielewa Jumatatu isingefaa. Nikampigia muuguzi, nikampa kijana simu. Walizungumza Kikamba. Nilisikia sauti ya sista ikipanda na kushuka kama ya mtu anayegombeza mwanawe kwa kuchelewa chakula, na mara moja, kwa muda mfupi sana, kijana alicheka na pua.

Alinirudishia simu. "Anasema nije leo. Anasema kuna daktari wa mawazo anaweza niona jioni." Akatazama mbele, kwenye ile njia moja. "Lakini nikitoka na wewe saa hii, mbele ya hao wote, kesho siwezi rudi. Hawa hawanipendi tena. Ni harufu. Hawasemi, lakini naona. Nikikaribia wananyamaza."

Hapo nikamwona fundi amesimama nyuma ya rundo la mbao. Wanaume wawili walikuwa nyuma yake.

"Sasa leo tumalize hii maneno," alisema. Hakuwa akiniambia mimi. "Ni huyu ndiye hununua kwako?"

"Kununua nini, fundi?"

"Fungua koti."

Ndipo nilipoona tulivyoonekana: mwanamke wa mjini mwenye mkoba mkubwa, anamnong'oneza kijana nyuma ya kibanda, na kijana mwenyewe amevimba pajani chini ya koti ambalo havui hata jua likiwaka. Kuja kwangu kumwokoa ndiko kulikokuwa kumemsukuma ukutani. Sentensi moja kutoka kwangu ingetosha kumwondolea shutuma hiyo. Lakini siri haikuwa yangu. Nilikuwa nimekwisha kuigawa siri yake nyingine asubuhi ileile, na sasa hii ilipohitajika, ulimi ulikataa. Nilisimama pale, simu mkononi.

Kijana alinitazama. Sijui alitafuta nini usoni mwangu. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akapandisha mguu wa kaptura yake.

Mfuko ulikuwa umefungwa pajani kwa utepe, umejaa nusu, wa manjano. Mpira mwembamba ulipanda na kupotea chini ya shati.

Fundi aliinama akatazama. "Ni nini hii?"

"Ni mkojo."

"Mkojo wako?"

"Sasa wa nani?"

Mmoja wa wale wawili alitaka kucheka, akajizuia kwa mkono.

"Tangu ile ajali ya pikipiki?" fundi akauliza.

"Tangu ile ajali."

Fundi alitafuta kigogo akakaa. Alionekana ghafla kama mtu aliyetembea mbali. "Na mimi nilidhani ni mpingo," alisema. "Vile vipande vilipotea ukiwa tu umeanza kuvaa hiyo koti. Tukaona umevimba hapo. Tukasema, huyu anatubebea mbao."

"Mimi?" Sauti ya kijana ilipanda. Nilikuwa sijaisikia ikipanda. "Mlidhani mimi ni mwizi? Miaka miwili? Na hamkuniuliza?"

"Tungekuuliza nini? Tulichonga na baba yako hapa hapa mpaka akafa. Tulisema tusimwaibishe mtoto wake, tumwache tu, tuwe macho."

"Nilidhani ni harufu!"

"Harufu gani? Na hii vanishi yote? Hapa mtu anaweza kufa siku tatu na tusisikie harufu."

Alipomaliza kusema hivyo akaona nyuso zetu, na akaacha kutabasamu, bila kujua kwa nini.

Ni kijana mwenyewe aliyemwambia. Hakutumia neno lolote kati ya yale ninayoyatumia mimi katika tasnifu. Alisema, "Fundi, nimechoka kuwa hapa. Sio hapa kwa kibanda." Akaanza kulia, amesimama, koti wazi, mikono imelegea kama ya mtu asiyejua iwekwe wapi. Fundi akafungua aproni yake, akaitundika kwenye msumari, akawaambia wale wawili wamalize wale vifaru na wasipake rangi kabla hajarudi.

"Twende," alisema. "Madam, hiyo daktari yenu iko wapi?"

Tulitoka kwa mbele, sote watatu, katikati ya tezo zilizonyamaza. Mtu mmoja alimwuliza kijana kwa sauti ya kawaida kama anahitaji kubebewa koti. Akasema hapana, lakini alijibu.

Daktari wa afya ya akili alimwona saa kumi. Tulikaa kwenye benchi nje ya mlango, mimi na fundi. Kila dakika nilitarajia mtu atoke aniulize kwa mamlaka gani nimekuja na mgonjwa huyo, na nilikuwa nikiandaa jibu la vipengele vinne. Hakuna aliyeniuliza. Fundi alikuwa akichimba vumbi la mbao chini ya kucha zake kwa kijiti cha kiberiti.

"Wewe ndiye ulimwuliza hiyo swali?" alisema. "Ya kama anataka kufa?"

"Kwa karatasi. Ndiyo."

"Mimi singeweza." Alifikiri. "Huwa anajibu nini mtu akiulizwa hivyo?"

"Wengi huandika hapana kabisa."

"Hata mimi ningeandika hivyo," alisema, na akaendelea na kucha zake.

Kijana alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa ameshika fomu ya kulazwa. Alisema atalala hospitalini siku kadhaa, na daktari ameandika barua kwa watu wa upasuaji, ila barua si tarehe. Fundi akamwambia alale, twiga wake atawapiga msasa yeye, japo ni kazi ya watoto. Kisha kijana akanigeukia na kuomba jambo moja, kwa heshima, kama mtu anayetumia haki niliyomsomea mwenyewe Jumanne: karatasi yake iondolewe. Hataki kuwa mshiriki wa kitu chochote.

Nilimwambia itaondolewa, na niliiondoa.

Kesho yake niliketi tena mbele ya dirisha lile na kuijaza ripoti. Nilieleza kosa langu kwa usahihi nilioweza, pamoja na kisogo, pamoja na siku tatu. Nilijua utafiti ungesimamishwa, na ulisimamishwa. Kile kisanduku cha kwanza, cha hali ya mshiriki kwa sasa, nilikiacha hadi mwisho. Alikuwa amejiondoa, na kwa hivyo sikuwa tena na haki ya kumwuliza mtu yeyote ameamkaje. Nikaandika nilichokiona kwa macho yangu: Saa kumi na moja na nusu jioni, Ijumaa, alikuwa hai, ameketi kitandani, anakunywa chai.

Kamati ilirudisha fomu na kutaka maelezo zaidi. Sikuwa nayo.